Gari Linapogoma Kuwaka Msimu wa Karafuu



Kila msimu hutufikia shauri lile lile: gari limejaa magunia ya karafuu mbichi, jua limekuchwa, na ufunguo ukizungushwa gari haliwaki. Karafuu hazingoji. Zikilala katika gunia hupata joto, zikavunda, na hata zikianikwa vyema kesho yake hutoka zimesinyaa na weupe, na bei yake huanguka. Basi mwenye gari, kwa haraka yake, hukimbilia kununua stata mpya. Wengi hutupa fedha hivi, kwani mara nyingi stata haina kosa.

Kwanza sikilizeni. Ukisikika mlio wa haraka wa “ta-ta-ta-ta” na taa za mbele zikafifia, umeme hautoshi: ama betri imechoka, ama vichwa vyake vimeshika kutu. Hewa yetu ya bahari hula chuma upesi, na ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri huzuia umeme. Vifungueni, visugueni kwa msasa mpaka ving’ae, kisha vikazeni. Ufuateni na waya mnene uendao kwenye bodi na injini, yaani wa ethi, ambao husahauliwa na mafundi wengi. Stata huvuta ampea 100 na zaidi, na ya lori la dizeli huvuta zaidi sana. Waya uliolegea hauwezi kuzipitisha. Mwenye mita apime: betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6.

Ukisikika mlio mmoja tu mzito, “tak”, na taa zikabaki kali, hapo stata yafaa kushukiwa: pengine makaboni yamekwisha, au swichi yake ya juu imeungua. Ikizunguka peke yake kwa kulia bila ya injini kufuata, jino lake halishiki. Na injini ikizunguka vyema lakini haiwaki, iacheni stata, mkatazame mafuta. Gari la otomatiki lisilotoa mlio wowote lijaribiwe kwenye N kabla ya kuita fundi. Wala msijichoshe kulisukuma, haliwaki hivyo.

Liko jambo tunalolikataza kabisa: mtu kulala chini ya gari akaunganisha nguzo za stata kwa bisibisi. Gari likiwa katika gia huruka, na aliye chini hana pa kukimbilia.

Ikiwa hapana budi kuibadili, egesheni gari penye tambarare, yazuieni magurudumu kwa mawe, wala msiamini jeki peke yake. Ondoeni kwanza waya wa hasi wa betri. Tieni alama waya za stata kabla ya kuzifungua, na mtu aishike vyema bolti ya mwisho inapotoka, maana ni nzito. Ilinganisheni na mpya: meno, matundu, urefu. Pasugueni pale inapokaa, kwani hapo ndipo inapopata ethi yake. Kazeni bolti, rudisheni waya, na ule wa hasi uwe wa mwisho.

Stata kuukuu msiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi umeme wa magari huweza kuitia makaboni na bushi mpya, ikawekwa akiba kwa msimu ujao.