Maktau, Mbuyuni na Salaita: Kuvitembelea Viwanja vya Ndege vya Vita vya Kwanza vya Dunia

Wageni wanaokuja Taita Taveta kuona maeneo ya Vita vya Kwanza vya Dunia huuliza swali moja wakifika Maktau: kiwanja cha ndege kiko wapi? Mwongozo hunyoosha mkono kuelekea nyika. Ni hapo. Hakuna banda la ndege, hakuna mnara, hakuna lami. Ni udongo mwekundu na vichaka vya miiba, na asiyeelezwa hupita bila kujua kwamba mwaka 1915 ndege za kivita ziliruka kutoka eneo hili, kimojawapo cha viwanja vya kwanza vya ndege nchini Kenya.

Makala haya ni ya mwananchi anayetaka kuifanya safari hiyo, na pia ya yule ambaye shamba lake limo ndani ya historia hii bila yeye kujua. Njia ni barabara ya Voi hadi Taveta, takriban kilomita 110, na kwa gari siku moja inatosha ukianza mapema.

Anzia makaburi ya vita mjini Voi. Humo amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu na angeweza kuokolewa, lakini alikataa kuwaacha majeruhi wenzake. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza.

Kwa nini ndege zililetwa huku kwetu? Jibu liko katika maji na reli. Wajerumani, wakati huo wakitawala ng'ambo ya mpaka, waliuteka mji wa Taveta tarehe 15 Agosti 1914 na kuushikilia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kutoka huko doria zao zilivuka nyika kwa miguu na kutega baruti kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Waingereza wakaamua kujenga reli yao kutoka Voi kuelekea Taveta, na Juni 1915 ilikuwa imefika Maktau. Lakini huko mbele kulikuwa na ukame. Maji ya kambi yalivutwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura, na kikosi kilichosonga mbele bila maji hakikuweza kukaa siku nyingi. Julai mwaka huo walijaribu kuiteka Mbuyuni wakarudishwa nyuma. Katika vichaka vile askari wa miguu haoni hata mita hamsini mbele yake. Ilihitajika njia ya kutazama kutoka juu.

Marubani wa kwanza walitoka pwani ya kusini. Walikuwa wa jeshi la majini la Uingereza, waliopelekwa delta ya mto Rufiji, Tanzania ya leo, kuisaka meli ya kivita ya Ujerumani iliyoitwa Königsberg. Meli hiyo iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga ikielekezwa na watu waliokuwa angani. Kazi hiyo ilipokwisha, baadhi yao walihamishiwa Maktau wakiwa na ndege aina ya Caudron, na Septemba wakaanza kupeleleza Mbuyuni, Salaita na Taveta. Wajerumani hawakuwa na la kujibu. Koloni yao nzima ilianza vita ikiwa na ndege moja, nayo haikudumu.

Mbuyuni ilitekwa tarehe 22 Januari 1916, na muda si mrefu ikawa na kiwanja chake. Tarehe 31 mwezi huohuo, Kikosi nambari 26 cha ndege, kilichoundwa na watu kutoka Afrika Kusini, kilitua bandarini Mombasa na kuelekea huko na ndege za BE2c na Henri Farman. Usizifikirie kama ndege unazoziona leo. Zilikuwa fremu za mbao zilizovikwa kitambaa na kufungwa kwa nyaya, mabawa mawili yamepangwa moja juu ya lingine, na watu wawili wamekaa nje kwenye upepo. Jua letu lilikuwa adui yake mkubwa. Mbao zilikauka na kupinda. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, injini hupungua nguvu na bawa hukosa cha kushika, na ifikapo adhuhuri hewa inayopanda kutoka ardhini huirusha ndege huku na huku. Ndiyo maana asubuhi na mapema ndiyo ilikuwa saa nzuri ya kuruka. Ukizuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kilimanjaro ikiwa wazi mbele yako, utaelewa bila kuelezwa.

Nani alifyeka vichaka? Nani alishusha mapipa ya mafuta kwenye mabehewa na kubeba maji? Vitabu vingi vya vita vinataja marubani kwa jina, na hapa mimi binafsi huona tunasimuliwa nusu ya habari. Kazi ya kambi hizi ilitegemea vibarua na wapagazi Waafrika, wale wa Kariakoo, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa kabla vita havijaisha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huko Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi. La mpagazi hutaonyeshwa.

Kutoka Mbuyuni endelea hadi kilima cha Salaita. Hapa ndipo safari inapofunza zaidi, kwa sababu hapa macho ya angani hayakutosha. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini wageni kabisa katika nchi hii, yalikishambulia kilima. Waliambiwa kina watu wapatao 300. Walikuwa zaidi ya 1,000. Mizinga ilipiga kileleni, ilhali mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka. Walishindwa na kurudi wamebeba maiti. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alipeleka jeshi kuzunguka upande wa Ziwa Chala, na tarehe 9 Machi Salaita ikakutwa tupu. Siku iliyofuata Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na vita vikasogea kuvuka mpaka pamoja na ndege zake.

Lipo jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka. Agosti 1915 Wajerumani waliuteka mlima Kasigau. Baadaye serikali ya kikoloni iliwatuhumu wakazi kuwa waliwasaidia, ikawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Anayezuru Maktau na kusikia habari za injini na mabawa peke yake hajasikia vita vya kaunti hii. Mwombe mwongozo wako asimulie ya Kasigau. Asipoyajua, tafuta mzee anayeyajua.

Sasa kuhusu ardhi yenyewe. Kwa kuwa viwanja hivi havikuacha majengo, ushahidi wake ni vitu vidogo: maganda ya risasi, misumari, mikebe, vipande vya chupa, mawe yaliyopangwa. Vikiokotwa na kuuzwa kama chuma chakavu, hakibaki cha kuonyesha. Ganda lenye chapa ya kiwanda likiachwa lilipo humwambia mtafiti nani alikuwa wapi. Likiwa kwenye gunia la muuzaji halimwambii chochote. Ukikuta kitu wakati wa kulima au kuchunga, kiache, piga picha, kumbuka mahali, kisha uarifu Idara ya Utamaduni ya Kaunti au Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kitu chochote kinachofanana na kombora au bomu usikiguse, usikipige, usikisogeze, hata kama kimeota kutu. Waondoe watoto na upige simu kwa polisi, 999 au 112.

Kwa wanaopanga kwenda: kati ya Maktau na Mbuyuni barabara inapita ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa hivyo usishuke garini wala kusimama kupiga picha ndovu. Sehemu nyingine ni ranchi na mashamba ya watu. Omba ruhusa kwanza. Beba maji ya kutosha na vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa kuwa miiba ya Mbuyuni hupenya kandambili. Walimu wanaotaka kuwaleta wanafunzi wawasiliane na ofisi ya utamaduni au ya utalii iliyo karibu nao mapema, ili wapate mwongozo anayeifahamu njia na historia yake.