Kabla Hujazunguka Angani

Huenda umesikia habari za abiria alipaye nauli ya daraja la kawaida, kisha akaketi daraja la juu kwa maili alizojiwekea. Si hadithi. American Airlines ilianza mpango huo mwaka 1981, ikihesabu umbali wa safari. Wajanja wakatafuta njia za mzunguko: aliyetoka New York kwenda Los Angeles aliweza kupitia Miami ili avune maili zaidi. Usingizi aliopoteza haukuhesabiwa! Lakini Delta na United mwaka 2015, na American mwaka 2016, ziligeuza hesabu ikafuata nauli iliyolipwa. Basi, kabla hujakubali kukesha kiwanja cha ndege, uliza kwanza: maili za tiketi hii zahesabiwa kwa umbali, au kwa fedha?