Kikulacho ki Nguoni Mwako: Vithiripi katika Mboga za Ndani

Askari mwenye busara hamdharau adui kwa sababu ya udogo wake. Hata hivyo, katika bustani za nyumbani kosa hilo hufanyika kila siku. Mtu huamka na panga kumfukuza mbuzi aliyeingia katika mboga, lakini mdudu asiyezidi milimita 2 humaliza sanduku zima la pilipili mbele ya macho yake bila kuulizwa neno.

Jamaa nyingi zinazoishi katika kambi za jeshi na kota za polisi hapa Uganda hazina ardhi ya kulima. Hata palipo na kiwanja, amri ya uhamisho huweza kufika kabla nyanya hazijaiva. Ndiyo maana jamaa nyingine hupanda mboga katika madebe, magunia na masanduku ya mbao, yakawekwa barazani, karibu na dirisha, au ndani ya kibanda cha nailoni. Humo huota mchicha ambao wengine huuita dodo, sukuma wiki, vitunguu, nyanya na pilipili. Ni akiba kubwa kwa mama anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini mimea iliyo ndani ina adui zake, na mkubwa wao ni kithiripi.

KUMTAMBUA ADUI

Kithiripi ni mdudu mwembamba mfano wa kipande cha uzi kilichokatwa. Rangi yake ni ya manjano, hudhurungi au nyeusi, na mabawa yake ni membamba yenye nywele pembeni kama shada la mkeka. Hukwaruza ngozi ya jani na kufyonza maji yake. Mahali alipokula hubaki michirizi ya rangi ya fedha yenye vitone vyeusi, navyo ni kinyesi chake. Majani machanga hujikunja, maua hupukutika, na matunda hupata makovu.

Njia rahisi ya kumpeleleza ni kushika karatasi nyeupe chini ya jani au ua, kisha kuligonga kwa kidole. Vijiti vidogo vikianza kutembea juu ya karatasi, adui yumo.

Hasara yake haiishii katika kufyonza. Baadhi ya vithiripi hueneza ugonjwa wa virusi unaofanya nyanya na pilipili ziwe na mabaka ya shaba na kudumaa. Mdudu huupata ugonjwa huo angali mtoto, na anapokuwa mkubwa mwenye mabawa huusambaza mmea hadi mmea. Mmea uliokwisha kuambukizwa hauna tiba.

KWA NINI SUMU HAISHINDI

Wengi wakiona michirizi hiyo hukimbilia sumu. Wengine huchukua dawa ya pamba au ile ya kuogeshea ng'ombe na kuinyunyiza humo humo chumbani wanamolala watoto. Hilo ni jambo la hatari kubwa kwa wakaao ndani ya nyumba na kwa watakaozila mboga hizo. Wapo pia wanaochemsha tumbaku, wakidhani kuwa kitu cha asili hakina madhara. Maji ya tumbaku ni sumu kali, hata yakigusa ngozi tu. Isitoshe, tumbaku huweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoingia katika nyanya. Kwa hiyo bwana anayevuta sigara na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuzigusa.

Lakini hata kama sumu isingemdhuru mtu, kithiripi angeishinda kwa namna anavyoishi. Jike hupasua jani na kutia yai ndani yake, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haifiki. Mtoto akianguliwa hula kwa siku kadhaa, kisha aghalabu hujiangusha udongoni na kutulia humo bila kula mpaka abadilike umbo. Hatimaye hutoka na mabawa na kupanda tena juu. Katika joto la nchi zetu mzunguko huo huchukua takriban majuma 2 hadi 3. Basi anayepiga sumu mara moja huwaua walio juu ya jani tu. Walio ndani ya jani na walio udongoni husalia, na baada ya siku chache kikosi kipya hutokea. Wakati huo, sumu imekwisha waua wadudu wema waliokuwa wakiwawinda.

FUNZO LA NYUMBA ZA VIOO

Jambo hili wakulima wa Ulaya walijifunza kwa gharama. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya nchini Uingereza aliona kuwa baadhi ya watoto wa inzi weupe katika nyumba yake ya vioo wamegeuka weusi. Mtaalamu E. R. Speyer wa kituo cha utafiti cha Cheshunt aligundua kuwa kazi hiyo ilifanywa na nyigu mdogo mno, Encarsia formosa, atagaye mayai yake ndani ya watoto hao. Katika miaka ya 1930 kituo hicho kiliwafuga nyigu hao na kuwagawia wakulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja DDT na sumu nyingine mpya, na nyigu wakasahauliwa.

Furaha haikudumu. Utitiri mwekundu ulizizoea sumu, na matango yakaangamia. Ndipo wataalamu walipomgeukia utitiri mwindaji, Phytoseiulus persimilis, aliyekuwa amefika Ujerumani ndani ya maua ya okidi yaliyotoka Chile. Mwaka 1967 Jan Koppert, mkulima wa matango wa Uholanzi, alianza kumtumia, na shughuli yake ikakua kuwa kampuni ya kufuga wadudu wa vita. Katika miaka ya 1980 kithiripi wa maua kutoka magharibi ya Marekani, Frankliniella occidentalis, alipoenea Ulaya, sumu nyingi zilimshindwa. Wakulima walilazimika tena kutafuta wawindaji.

Maarifa hayo yako hata katika Afrika Mashariki. Mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, hutumia utitiri wawindaji. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimeutumia ukungu uitwao Metarhizium anisopliae dhidi ya vithiripi.

UDONGO USIOCHIMBULIWA

Jamaa ya askari haina haja ya kununua wawindaji. Inatosha kutowafukuza waliopo, nao hukaa zaidi katika udongo usiosumbuliwa.

Baada ya kuvuna, shina hukatwa usawa wa udongo na mizizi ikaachwa humo ioze. Juu huwekwa mbolea iliyooza vizuri, kisha nyasi kavu. Mche mpya hutiwa katika shimo dogo kando ya shina la zamani, na udongo haupinduliwi. Chini ya nyasi hizo hukusanyika utitiri wa udongo, mbawakawa wadogo na kuvu ambazo huwashambulia vithiripi wanaojiangusha humo kubadilika. Kila udongo unapochimbuliwa, ngome ya askari hao huvunjwa.

Hata hivyo, nyasi ni maficho ya rafiki na adui pia. Kwa hiyo majani yenye michirizi ya fedha yasitandazwe kamwe sandukuni. Yafungwe katika mfuko na kutolewa nje. Mmea wenye dalili za ugonjwa wa virusi nao hung'olewa wote pamoja na mizizi yake bila huruma.

NDANI HAKUNA MVUA

Nje ya nyumba, mvua kubwa huwaangusha na kuwaua vithiripi wengi. Ndani mvua hainyeshi, na mwenye nyumba hana budi kuifanya kazi yake. Mara mbili kwa juma majani yaoshwe kwa maji safi, hasa upande wa chini. Wadudu wakizidi, gramu 10 za sabuni ya kipande zikunwe na kuyeyushwa katika lita 1 ya maji, kisha zinyunyizwe jioni. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa huunguza majani. Kwanza ijaribiwe katika jani moja na kungoja siku moja. Sabuni humwua mdudu aliyelowa tu. Ikikauka nguvu yake imekwisha. Palipo na mwarobaini, kokwa zake zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, huloweshwa usiku mmoja na kuchujwa. Maji hayo huwazuia watoto wa wadudu kukua.

Kadhalika, kibao kilichopakwa rangi ya buluu na kupakwa grisi huwanasa vithiripi wanaoruka. Kibao cha manjano huwanasa inzi weupe na vijiinzi vyeusi vya udongo.

Kazi hii iendelee kwa majuma 4 mfululizo, hata kama adui haonekani. Anayeacha baada ya juma la kwanza amewaachia walio udongoni nafasi ya kurudi.

ADUI WENGINE

Vidukari hulindwa na sisimizi, wanaopenda maji matamu yatokayo kwao. Miguu ya sanduku ikisimamishwa katika makopo yenye oili chakavu, sisimizi hawapandi, na wadudu wema hupata nafasi ya kuwala vidukari. Maji matupu hayafai kuwekwa humo, maana yatazaa mbu. Utitiri mwekundu hupenda hewa kavu na hufuma utando mwembamba. Kuosha majani humwondolea raha. Vijiinzi vya udongo ni dalili ya maji kupita kiasi: udongo uachwe ukauke kidogo juu kabla ya kumwagilia tena.

MLANGO WA ADUI

Aghalabu kithiripi huletwa na mwenye nyumba mwenyewe. Uhamisho unapotokea, jirani humpa jirani mche wa pilipili kwa kumbukumbu, nao husafiri katika lori kutoka kambi moja hadi nyingine pamoja na wadudu wake. Zawadi isikataliwe, lakini ikae mbali na mimea mingine kwa majuma 3, ikipimwa kwa karatasi nyeupe kila baada ya siku chache. Ikionekana safi, ndipo iruhusiwe kuingia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa shule anaweza kukabidhiwa karatasi hiyo na kuwa mlinzi wa masanduku ya mama yake, bila kopo la sumu kukanyaga kizingiti cha nyumba. Siku amri ya uhamisho itakapofika, sanduku lenye udongo mzima na mche safi litapakiwa katika lori pamoja na vyombo vingine, na huko liendako mboga itachumwa bila kungoja msimu mpya.