Namba Nyingine ni Majina Tu

Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 tuliulizwa: maji ya kunywa mnapata wapi? Tuseme karani anaandika bomba 1, kisima 2, mto 3. Namba hizo ni majina tu. Jumlisha 1 na 3, gawa kwa mbili, unapata 2. Je, bomba na mto vimekuwa kisima? Wapi!

Tunachohesabu ni kaya. Katika kaya 100, kama 50 zimetaja mto, basi nusu ya kaya zinakunywa maji ya mto.

Lakini mafungu nayo yapangwe vizuri. Sensa ilitenga kisima kilichokingwa na kisichokingwa. Vikichanganywa, mama anayechota kisima kimoja na ng'ombe, kwenye karatasi ataonekana sawa na mwenye maji salama.