Kijiti cha Mkojo Kisiishie kwa Wajawazito

Katika zahanati nyingi za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, mtu ambaye mkojo wake hupimwa bila yeye kulalamika kuumwa ni mama mjamzito. Anafika kliniki asubuhi, anapewa kikopo, anarudi nacho, na vijiti vikiwepo muuguzi anachovya kimoja: kitu chembamba chenye vipande vidogo vya rangi, ambacho dakika moja baadaye hulinganishwa na picha zilizobandikwa ubavuni mwa kichupa. Kipande cha protini kikibaki njano, hakuna neno. Kikigeuka kijani, muuguzi anarudi kwenye mashine ya presha na kupima upya, maana protini kwenye mkojo pamoja na presha iliyopanda huashiria kwamba kifafa cha mimba kinanyemelea.

Mumewe aliyemleta kwa pikipiki hapimwi. Mama mkwe wake, ambaye presha na sukari ameishi navyo miaka, huenda hajawahi kukiona kijiti hicho. Rangi ileile ya kijani ingekuwa na habari nzito kwao pia.

Tuna figo mbili, kila moja sawa na ngumi, zimejificha mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku, figo za mtu mzima huchuja lita 180 hivi za maji ya damu, kisha hurudisha karibu zote mwilini na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Protini inatakiwa ibaki kwenye damu. Anayekamua nazi ataelewa haraka: kifumbu kizima hupitisha tui na kuzuia machicha, na ukiona machicha ndani ya tui unajua kimetoboka, hata kama bado kinakamua vizuri.

Shida ni kwamba figo hazilii mapema. Vichujio vikifa, vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao, na mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku akilima, akifundisha au akiendesha bodaboda kama kawaida. Hata kreatinini, kipimo cha damu kinachotegemewa zaidi, kinaweza kusoma vizuri wakati huo. Miguu kuvimba, kichefuchefu, mwili kuwasha na kukosa pumzi huja mwishoni. Wengi wakiumwa kiuno husema ni figo. Mara nyingi ni jembe.

Ujuzi huu wa kusoma mkojo ni wa zamani. Mwaka 1827, daktari mmoja wa London alichapisha alichokiona kwa wagonjwa waliovimba mwili. Aliweka mkojo wao kwenye kijiko, akaushika juu ya mwali wa mshumaa, na mkojo ukaganda kwa weupe: ilikuwa protini. Wagonjwa hao walipofariki na kupasuliwa, figo zao zilionekana zimeharibika. Tangu hapo ilijulikana kwamba protini ni mjumbe wa figo. Kilichokosekana kwa zaidi ya miaka 150 ni dawa ya kumpa mgonjwa baada ya ujumbe kufika.

Dawa hiyo ilianzia kwenye sumu ya nyoka. Kuna nyoka wa Brazili ambaye akiuma, presha ya windo lake huporomoka. Watafiti walichunguza kilichomo kwenye sumu hiyo, wakatengeneza kidonge kinachofuata njia hiyohiyo kwa upole. Kidonge hicho ni captopril, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981 kwa ajili ya presha. Mwaka 1993 yakatoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvuja. Waliopewa captopril walipunguziwa kwa nusu hatari ya kufa au kufikia hatua ya mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Ndugu zake, enalapril na lisinopril, leo ni dawa za kawaida za presha. Kuanzia 2019 majaribio makubwa yameonyesha kwamba kundi jingine la vidonge, lililotokana na kemikali iliyopatikana kwenye magome ya mtufaha mwaka 1835, nalo hulinda figo, ingawa kwa wengi wetu bei yake bado ni mzigo.

Tusizidishe sifa. Vidonge hivi hupunguza mwendo wa ugonjwa. Havifufui kichujio kilichokufa. Vya kundi la captopril havifai kwa mjamzito kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni, na anayevianza hupaswa kupimwa kreatinini na potasiamu. Si vya kuazimana na jirani.

Tuna picha gani hapa nchini? Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima: karibu 15 kati ya 100 mjini, 2 kati ya 100 kijijini. Takriban mmoja tu katika kumi wenye ugonjwa ndiye aliyekuwa akijua. Pwani si Kilimanjaro, wala idadi hizo hazihamishiki kama zilivyo. Lakini Kibaha inageuka mji mbele ya macho yetu, kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, na maisha ya kukaa, chumvi na soda yanaifuata barabara. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na kisukari, presha wala virusi vya ukimwi. Basi kinachowaumiza ni nini?

Jibu kamili halijapatikana, ila njia zipo za kufuata. Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wamekuwa wakifa kwa figo bila kisukari wala presha. Joto kali, kazi nzito na upungufu wa maji mwilini ndivyo vinavyoshukiwa zaidi, ingawa mjadala haujafungwa. Palipopangwa maji, kivuli na mapumziko, figo zilizoumia wakati wa mavuno zilipungua. Mfikirie mchoma mkaa wa Kisarawe: anakata magogo juani, anapanga tanuri, anafukia udongo, amebeba kidumu kimoja cha maji. Jioni mwili unauma, anapita duka la dawa muhimu kununua diklofenaki. Dawa hiyo hubana mlango wa damu iingiayo kwenye figo wakati uleule ambapo mwili uliokaukiwa unahitaji uwe wazi. Mara moja mwili humudu. Mazoea ya miaka ndiyo hatari. Parasetamo kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo, na maji yanywewe kabla ya kiu kukaza. Mwaka 2020 maji ya mto Ruvu yalipofika Kisarawe mjini kwa bomba kutoka Kibamba, wengi tuliyasherehekea kwa ajili ya kupika na kufua; figo nazo zilipata fungu lao.

Mizizi nayo isemwe kwa haki. Magome ya mti yametupa dawa ya figo, lakini miaka ya mwanzo ya 1990, mjini Brussels, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea usiofaa. Mti unaweza kuponya au kuua, kutegemea ni upi na kwa kiasi gani. Anayeuza stendi chupa ya "kusafisha figo" mara nyingi hawezi kukuambia hata moja kati ya hayo mawili.

Wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvu na watoto wanaoogelea madimbwini wana adui wao, kichocho, ambacho kikiachwa miaka huziba mirija ya mkojo na kuvimbisha figo. Mwanafunzi anayekojoa damu asichekwe, apewe praziquantel.

Na mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua figo miaka ya baadaye kuliko wenzake, lakini akishajifungua hupotea kwenye vipimo. Yeye, mwenye presha, mwenye sukari na anayeishi na VVU ndio ningewaweka mbele kwenye foleni ya kijiti. Ni kipimo cha bei ndogo ukikilinganisha na mashine ya kusafisha damu, ambayo mgonjwa huilalia mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, nauli ya kutoka Maneromango kule Kisarawe ikiwa juu yake.

Kijani cha siku moja si hukumu. Homa, kazi nzito, hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kukileta. Kipimo hurudiwa, na hali ikiendelea kwa miezi mitatu ndipo huitwa ugonjwa sugu, na hapo rufaa ya kwenda hospitali ya Tumbi, Kibaha, kwa kipimo cha kreatinini ina maana. Ukipewa majibu, uliza ni kanuni gani iliyotumika kukokotoa uwezo wa figo. Kanuni za zamani zilimwongezea mtu mweusi asilimia 16 au zaidi, zikimfanya aonekane mzima kuliko alivyo. Marekani iliziandika upya mwaka 2021, na vipimo vilivyofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini vimeonyesha kwamba nyongeza hiyo haikutufaa. Kama karatasi yako bado ina nyongeza hiyo, mwombe daktari aiondoe na akokotoe upya.