Televisheni ya barazani na kifuniko chake

Ndugu msikilizaji, juma hili nitazungumzia kifuniko cha kuinua cha kasha la televisheni inayowekwa nje. Ni jambo linaloonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha za mtu, na mna usalama wa watoto wa jirani.

Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Zanzibar walikwisha kutangulia tangu mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye. Miaka hiyo seti ilikuwa na chogo kirefu, ikakaa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Seti za leo ni nyembamba, watu wawili huibeba bila taabu, nayo huweza kutumia umeme wa jua. Ndiyo maana imetoka sebuleni ikaja barazani. Penye duka, mgahawa au kinyozi, iwe Dar es Salaam au katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, Simba na Yanga zikicheza wateja hawaenei ndani. Mwenye duka aliyenunua seti kwa fedha za pamba hana budi kuifikiria nje.

Huko nje kuna maadui wanne: mvua, vumbi, jua na mwizi. Wengi huanza kwa kuifunika seti kwa karatasi ya nailoni. Kinga hiyo ni ya uongo, kwani nailoni huzuia mvua lakini hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio unaokula nyaya. Wengine hutengeneza kabati la milango miwili ya pembeni. Hilo ni afadhali, ila milango hiyo huwaziba watazamaji wa kando, na upepo ukivuma huigonga.

Mfano bora tunao mitaani siku zote. Tazameni dirisha la kibanda cha duka: bawaba ziko juu, ubao unainuliwa kwenda nje, unaegemezwa, na papo hapo unakuwa upenu wa kumkinga mteja. Kasha la televisheni linataka kifuniko cha namna hiyo hiyo. Kikifungwa ni mlango wenye kufuli. Kikiinuliwa ni kivuli cha kioo. Kasoli iko karibu na ikweta, hivyo jua la mchana hukaa karibu na utosi, na upenu wa sentimita 60 unatosha kulizuia. Jua la asubuhi na la jioni haliwezi kuzuiwa na upenu, kwa hiyo kasha litazame kaskazini au kusini, lisitazame mashariki wala magharibi.

Sasa twende kwa fundi seremala. Seti ya inchi 32 ina upana wa karibu sentimita 73. Kasha lisiibane, liachwe nafasi ya sentimita 10 kila upande, pamoja na mahali pa king'amuzi, ambacho nacho hupata joto. Paa la kasha liinamie nyuma na lizidi ukuta kidogo, ili maji yadondoke mbali na mlango. Penye bawaba ndipo mvua hupenya kwanza. Dawa yake ni kipande cha mpira wa tyubu ya gari, kipigiliwe misumari juu ya bawaba kuanzia pembe hadi pembe, kining'inie juu ya kifuniko. Mpira hukunjika mlango unapoinuka, na maji hupita juu yake.

Hewa isisahauliwe. Seti nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40, na kasha la bati juani hupita hapo upesi. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo yatobolewe matundu chini ya kasha na mengine nyuma, juu kabisa chini ya paa, yote yazibwe kwa wavu wa mbu. Seti ikizimwa, iachwe ipoe kidogo kabla kifuniko hakijafungwa.

Linalonitia hofu zaidi, ndugu msikilizaji, ni uzito. Kifuniko cha sentimita 90 kwa 60 cha plaiwudi ya milimita 12 kina uzito wa kilo nne hivi. Kikitengenezwa kwa mbao za mninga za inchi moja, hufika kilo nane au zaidi. Kikiegemezwa kwa kijiti kimoja, upepo hukiinua, kijiti huanguka, kisha kifuniko hushuka. Na wanaokaa mbele kabisa, chini yake, ni watoto. Kwa hiyo mihimili iwe miwili ya chuma, mmoja kila upande, na kila mmoja uwe na ndoano ya kuingia katika pete, ili upepo usiweze kukisukuma juu wala chini. Kuna mafundi wanaopenda kutumia shokapu za mlango wa nyuma wa gari. Hizo zilipimwa kwa mlango mzito; zikifungwa katika plaiwudi nyepesi zitang'oa bawaba. Atakayezitaka atafute zinazolingana na uzito wa kifuniko chake.

Umeme nao una masharti yake. Waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia ushuke uning'inie, ili maji yafuate waya na kudondokea nje. Kasha la chuma lazima liunganishwe na waya wa ardhi. Betri ya maji ya umeme wa jua isiwekwe kasha moja na seti, maana inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto. Na kwa kuwa kanda ya Ziwa Victoria ina radi nyingi mno, wingu likitanda chomoa waya wa umeme na wa antena mapema. Kufunga kifuniko peke yake hakuzuii radi.

Wapo watakaosema kwamba bawaba nzuri, pete na mihimili miwili ni kuongeza gharama. Ni kweli, gharama inaongezeka kidogo. Lakini mtu anayeweka televisheni barazani amewaita watu, hata kama hakuwatumia barua, na aliyeita watu ndiye mwenye wajibu wa kuwalinda wanapokaa kwake. Kabla ya kumlipa fundi, inua kifuniko, kifunge ndoano, kisha kivute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Kikishuka, kazi haijakwisha, na watoto wasikae chini yake.