Miriam Makeba, Bibi wa Zenzi na Lumumba

Sogeeni, wajukuu zangu, kaeni vizuri. Leo nawasimulia habari za mwanamke ambaye dunia nzima ilimwita Mama Afrika. Jina lake ni Miriam Makeba. Nyimbo zake mmezisikia harusini na redioni, hata kama hamkujua ni nani anayeimba. Lakini mimi nataka mumjue kama mtoto wa mamaye, mama wa Bongi, na bibi wa Zenzi na Lumumba, maana humo ndimo ulimokuwa moyo wake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1932, Johannesburg, Afrika Kusini. Alipotimiza siku 18 akaingia jela. Mnashangaa? Hata mimi nilishangaa. Mama yake alikamatwa kwa kupika pombe, familia ikakosa pesa za faini, basi akafungwa miezi sita na kichanga chake kifuani.

Pombe yenyewe inaitwa umqombothi. Unachukua unga wa mahindi na kimea cha mtama, unapika uji, unauacha uchachuke, kisha unachuja. Ni nzito na ina uchachu, jamaa ya busaa wanayoijua wazee wa Kenya ya magharibi. Siku zile Waafrika walikatazwa kujipikia pombe mijini, huku serikali za miji zikifungua vilabu vyao vya kuwauzia na kuchukua faida. Akina mama waliokuwa wakilipwa ujira mdogo kwa kazi za ndani walipika hivyo hivyo kwa siri, wakafukia vyombo ardhini uani ili polisi wasivione. Pombe hiyo ndiyo iliyonunua chakula cha watoto. Kwa hiyo msimhesabu mama yule kuwa mhalifu. Mimi simhesabu hivyo hata kidogo.

Baba alifariki Miriam akiwa na miaka sita. Mama akaenda kufanya kazi katika nyumba za Wazungu, na Miriam akalelewa na bibi yake karibu na Pretoria, pamoja na kundi la watoto wa ukoo. Shuleni aliimba kwaya. Akiwa kijana wa miaka 18 akamzaa Bongi, mtoto wake wa pekee.

Sasa hapa nisikilizeni kwa makini. Mwaka 1959 Miriam alisafiri hadi Ulaya, kisha Marekani, kwa sababu ya filamu iliyoonyesha maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi. Bongi alibaki nyumbani. Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwaua kwa risasi watu 69 huko Sharpeville, na ndugu wa Miriam walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mwaka huohuo mama yake naye akafariki. Miriam akachukua pasipoti yake, akaenda kwenye ofisi ya ubalozi wa nchi yake kutayarisha safari ya mazishi. Karani akaipokea, akaigonga muhuri wa kuifuta. Basi, mambo yakaishia hapo. Mtu mzima, mwenye kwao na ndugu, akazuiwa kwenda kumzika mama aliyekaa naye jela akiwa kichanga.

Bongi alifanikiwa kutoka, akamfuata mama yake Marekani Agosti mwaka uleule. Mwaka 1963 Miriam akasimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, akaeleza wazi yanayotendeka kwao. Serikali ya makaburu ikamnyang'anya uraia na kupiga marufuku santuri zake. Nchi nyingine zikamfungulia milango: katika maisha yake alipata kuwa na pasipoti tisa.

Sisi Waswahili tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Mwaka 1962, kabla Kenya haijapata uhuru, alikwenda huko kuunga mkono harakati. Mwaka 1965 akatoa albamu pamoja na mwimbaji mwenzake Harry Belafonte, na ndani yake wakaimba pamoja wimbo wetu wa Malaika. Albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Muutafute wimbo huo muusikilize wenyewe. Mtasikia anavyoyatamka maneno kwa upole, kila silabi kaipa nafasi yake, mtadhani amekulia Mombasa.

Bongi alikua, akawa mwimbaji na mtunzi, na mama yake akaimba baadhi ya nyimbo zake. Waliishi Guinea, Afrika Magharibi, kwa miaka mingi. Huko ndiko Bongi alikofariki mwaka 1985 kwa matatizo ya uzazi, akiwa na miaka 34 tu. Mzazi kumzika mwanawe ni jambo zito, wajukuu zangu, na sitajifanya kulielezea. Walibaki watoto wake, Zenzi na Lumumba. Bibi yao akawachukua, akahama nao kwenda Ubelgiji, akaanza ulezi upya huku akipanda jukwaani usiku kutafuta riziki. Watu wengi wanataja tuzo zake kwanza. Mimi ningeanza na malezi haya.

Juni 1990, miezi michache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, Miriam alirudi Afrika Kusini. Alikuwa amekaa ugenini miaka 31. Miaka miwili baadaye akaigiza katika filamu ya Sarafina!, akiwa mama wa msichana mwenye jina hilo, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya Wazungu, kazi aliyoifanya mama yake mzazi. Akafungua pia kituo cha kulea wasichana yatima.

Tarehe 9 Novemba 2008, akiwa na miaka 76, aliimba katika mji wa Castel Volturno, Italia, ambako wahamiaji sita wa Kiafrika walikuwa wameuawa na wahalifu miezi miwili kabla. Tamasha lilikuwa la kumuunga mkono Roberto Saviano, mwandishi aliyekuwa akitishwa na wahalifu hao. Wimbo wa mwisho ulikuwa Pata Pata, ule wa kuchezesha watu. Alipomaliza, moyo ukamshinda, akafariki usiku uleule. Zenzi na Lumumba wote ni waimbaji, na waliwahi kuimba naye jukwaani enzi za uhai wake.